Kiungo

Kifurushi kilifika kutoka Brno siku ya theluji nyevu,
kimezungushiwa gazeti na kufungwa kwa kamba ya kiatu:
ufito mpya wa gia, bushi nne za shaba,
na karatasi yenye mwandiko wa fundi asiyependa maneno.
Kata milimita arobaini na moja. Chomelea. Usikosee.

Ufito wa zamani ulikuwa umechoka.
Kuitafuta gia ya tatu ilikuwa kama kusonga ugali gizani:
mwiko unazunguka, chini ya sufuria hupajui.
Baba aliweza. Miaka thelathini na minane aliweza,
kwa kiganja tu, bila kutazama,
kama mtu anavyoipapasa swichi ya taa nyumbani kwake.
Kisha damu ikaganda mahali padogo kichwani, Oktoba,
na mkono wake wa kulia
ukarudi kutoka hospitali ukiwa nusu.
"Uza gari," akasema dada yangu Květa.
Baba akaitazama supu yake mpaka ikapoa.

Kwa hiyo niko hapa, chini ya Skoda,
mgongo juu ya boksi la friji lililokunjuliwa,
betri nimeitoa, zulia nimeling'oa,
ndoo ya mchanga iko karibu na kiatu.
Mashine ya kuchomelea ni ya Zbyšek, jirani,
anayeazima kila kitu isipokuwa jeki.

Mara ya kwanza nilipima mara tatu. Nikakata.
Nikachomelea kwa kiburi cha mtu aliyepima mara tatu,
na tulipojaribu, niliita gia ya kwanza, ikaitika rivasi.
Kiungo kilikuwa kimeteguka nyuzi sita, labda saba.
Grenda tena. Cheche ikaingia ndani ya soksi.
Nilitukana tusi refu, la kiwandani,
na huko juu baba akacheka,
kwa upande mmoja wa mdomo,
mara ya kwanza tangu Oktoba.

Safari hii sichomelei kwanza.
Nashika vipande viwili, kimoja ndani ya kingine,
nakaza vidole viwe ndiyo lehemu,
na namwambia: "Weka ya kwanza."
Chuma kinageuka kiganjani mwangu.
"Ya pili." Kinarudi nyuma, kizito, kitiifu.
"Ya tatu."

Kimya.
Halafu nauhisi, kabla sijasikia kitu:
mtetemo mdogo, wa haraka,
unateremka kutoka vidole vyake, unapita wenzo,
unapita mita nzima ya feleji baridi,
unaingia kwangu.

Daktari alituonyesha picha. Alitaja asilimia.
Sikuwa nimewahi kuushika.

Sisemi kitu. Nangoja.
Chuma kinasita, kinagusa ukingo, kinateleza,
kinagusa tena,
kinaingia.
"Hapo. Usiondoe mkono."
Chaki. Kofia usoni. Vitone vitatu vya moto,
na harufu ya rangi ya mwaka sabini na moja ikiungua.

"Mirka," anaita, mkono bado uko pale pale,
"safari yake fupi mno hii. Hata mtu huchoki."
"Ndiyo kazi yake, baba."
"Mm," anasema. Kisha, baada ya muda:
"Ya nne je?"

Theluji inayoyeyuka kwenye fremu
inanidondokea shingoni.
Nashusha tena kofia.