Tarakimu Nane

Ubavuni mwa behewa la tangi, stesheni ya Samtredia,
imepakwa kwa rangi nyeupe: 73939133.
Saba ya mwanzo yasema hili ni tangi, halibebi mbao.
Tatu ya mwisho ni mlinzi,
kazi yake kuwasuta wenzake saba
karani akikosea kunakili.

Karani ni Tsiala. Miaka thelathini na moja ya namba,
penseli sikioni, glavu zilizokatwa vidole.
Zidisha kwa mbili, kwa moja, kwa mbili, jumlisha:
thelathini na sita. Kufika arobaini zapungua nne.
Nne, si tatu.
Mlinzi ni mwongo.

Ilimpasa kuandika barua Tbilisi. Hakuandika.
Usiku, mkate wa mahindi ukipoa mezani,
akaanza kuigawa.

Si shufwa, hilo hata mtoto angeliona.
Jumla ya tarakimu thelathini na nane: kwa tatu haigawiki.
Kwa saba, baki mbili.
Kwa kumi na moja, baki nne.
Kwa kumi na tatu, baki nane.
Akacheka peke yake: namba inanitania!
Kwa kumi na saba, baki kumi na tatu,
na utani ukaishia hapo.

Akaendelea hadi kwenye mzizi wake wa mraba,
elfu nane mia tano na tisini na nane na kitu,
vigawanyo elfu moja na ushei, daftari nne za shule.
Theluji ilianguka, ikayeyuka, Rioni ikajaa tope.
Hakuna hata kimoja kilichoingia.

Kwa lugha yangu namba kama hiyo huitwa tasa,
neno lilelile tunalomtupia mwanamke
na kuondoka bila kugeuka.
Kwa lugha ya Tsiala huitwa namba sahili.
Daktari wa Kutaisi, zamani,
alimwandikia neno jingine, refu,
nalo hakuligawa kwa chochote.
Alilikunja tu.

Machi, kutu ikaanza kula namba kutoka kulia.
Alifunika tatu kwa kidole: 7393913. Tasa.
Akafunika nyingine: 739391. Tasa.
73939. 7393. 739.
73.
Saba.
Vizazi vinane, na kila mzazi ni kama mwanawe.

Basi akatafuta wa tisa.
Akaongeza moja mwishoni: tatu ikaigawa.
Akaongeza saba: tatu tena.
Shufwa na tano hazikustahili hata wino.
Ikiishia na tatu, ikiishia na tisa,
hizo zilimkesha hadi mipichi ikachanua,
mwishowe nazo zikagawanyika.
Hakuna wa tisa.
Ukoo umefika mwisho wake, na mwisho wenyewe ni mzima.

Mei akaja mkaguzi, na nyuma yake Murtaz
na kopo la rangi na ngazi ya mbao.
Tsiala akaishika ngazi.
Nne ikapakwa juu ya tatu,
mkia wa tatu ukichungulia chini ya rangi mbichi.

"Sasa inagawika," akasema.
"Nini?"
"Kwa mbili. Na kwa tatu."
Murtaz akafuta brashi kwenye suruali.
"Shika vizuri," akasema, "ngazi inacheza."

Saa tisa na nusu tangi likaondoka kuelekea Poti.
Akaliandika daftarini, tarakimu nane,
na ya mwisho akaiandika polepole.