Kilomita Tisini

Limeegeshwa mbele ya ofisi ya Swabri, Maweni, Malindi,
dogo, rangi ya ndimu,
na watu wanalizunguka kama mwari aliyeletwa kutoka mbali:
kila mtu anasifu, hakuna anayepeleka posa.

Laki nane na nusu.
Hata Probox iliyozeeka haishuki hapo siku hizi,
kwa hiyo bei si kisingizio.

Nilitoa daftari la duka la dawa
nikapiga hesabu juu ya boneti:
petroli, elfu mbili kwa wiki,
Mambrui kuja Malindi mara tatu,
maana figo za mama zimechoka
na mashine ya kumsafishia damu iko ng'ambo ya Sabaki.
Stima, mia nne.
Nikaandika upya, nikidhani nimesahau sifuri.

Kahindi fundi akafungua boneti, akafunga.
"Hapa mimi mgeni," akasema,
akajifuta mikono isiyo na grisi.

Shemeji Fumo: "Na Mombasa je?"
Kila mtu: na Mombasa je?
Kilomita tisini likishiba, baada ya hapo
utasukumwa na watoto wa Mtwapa.
Mombasa naenda mara mbili kwa mwaka,
arusi moja na tanzia moja.
Lakini watu hatununui gari la siku tunazoishi,
tunanunua gari la ile safari moja
ambayo hata nauli yake hatujaiweka.

Bi Mwanahawa ndiye aliyenichoma:
"Ukichoka nalo, nani atalitoa mkononi mwako?"
Nilinyamaza.
Walikuwa watano pale, wote wana pesa,
wote watano wakasema: nunua wewe kwanza, tukuone.

Swabri akaniachia kwa usiku mmoja.
Nikapitisha waya dirisha la jikoni,
kando ya friji ya insulini.
Saa sita, stima ikapotea, kama ada yake.
Nikasimama uani na tochi,
nikilitazama kama punda aliyesusa majani.
Asilimia arubaini na moja.
Nililala na nguo za safari.
Saa kumi friji ikakohoa,
na kule nje taa ya kijani ikaanza kupepesa, taratibu,
kama mtu anayehesabu tasbihi bila haraka.

Asubuhi: sitini na mbili.
Kwenda, kurudi, na akiba ya kupotea njia.

Mama akafunga mkanda, akangoja.
"Washa basi."
"Limeshawaka, mama."
"Usinifanyie mzaha mapema hivi."
Ukuta wa jirani ukaanza kurudi nyuma, ndipo akaamini.

Darajani, juu ya maji mekundu ya Sabaki, akaanza kusema.
Miezi minane ndani ya Probox hakusema kitu,
nami nikadhani ni ugonjwa.
Kumbe ilikuwa ekzosi.
Sauti yake iliyobaki ni ndogo, haishindani na chuma.
Akanieleza Ngomeni, mashamba ya chumvi,
na kijana mmoja aliyemfunza baiskeli kabla ya baba,
jinsi alivyoanguka akaramba weupe wote ule,
akainuka akicheka, midomo ikimuwasha.
Jina la kijana hakulitaja.
Nikapunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa wazi.

Saa saba nimelirudisha Maweni.
"Vipi? Linafaa?" Wale watano, walewale.
Ningewaonyesha daftari: elfu mbili, mia nne.
Ya baiskeli sikuiandikia mstari.

"Swabri, betri ikifa?"
Akatazama barabarani.
"Mungu mkubwa."
"Mkubwa, ndiyo. Basi punguza elfu hamsini."
Akapunguza ishirini,
na wale watano wakasogea hatua moja karibu.