Kisu cha Mashoto

Nimefua majembe ya nusu ya Nyendo,
mageti ya watu nisiowajua,
bawaba, miguu ya majiko, mambo za mahema ya harusi,
na nyumbani mke wangu anamenya matoke
kwa kisu cha shilingi elfu mbili
kilichozungushiwa mpira pale mpini ulipopasuka.

Miaka kumi na minne sikuona.
Mpaka juzi, mvua ilipotufungia jikoni,
nikamtazama Nabisubi akipambana na ndizi:
kisu kinateleza, kinachimba nyama badala ya ganda,
naye anakigeuza, anakigeuza tena,
kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Ni mashoto. Hilo nalijua tangu posa.
Sikujua kwamba visu vyake vyote
vilinolewa upande mmoja, upande wa wengine.

Alipokuwa darasa la pili mama yake
aliufunga mkono huo kwa ukanda wa gome la mutuba.
"Mkono huu haupokei, hauandai, hausalimu."
Mkono ukanyamaza mwaka mzima.
Kisha ukanda ukaoza, mkono ukarudi kazini.

Jumanne nikamwambia Ssekitto: zungusha.
Akazungusha gurudumu la baiskeli, feni ikanguruma,
makaa yakafumbua macho.
Nilikuwa na springi ya Isuzu iliyofia Lukaya,
chuma kilichobeba viazi, ng'ombe, maiti na kwaya,
kikapinda kikarudi, kikapinda kikarudi,
hadi siku moja hakikurudi.
Njoo, nikakiambia, kuna kazi nyepesi.

Nikafua. Kipande cha reli chini ya nyundo
kikalia kama kinavyolia siku zote.
Nikavuta ubapa, nikakusanya ncha,
sumaku ilipokikataa nikakizamisha kwenye oili chafu.
Moshi. Ssekitto akakohoa.
Nikakinoa, nikakiinua kwenye mwanga.
Kisu kizuri.
Cha mkono wa kulia.

Nyundo yangu inajua njia moja tu.
Nikakaa juu ya debe.
Ssekitto akacheka, halafu akaacha kucheka.
Mimi nami nilikuwa nimeufunga mkono ule
na wala sikuhitaji ukanda.

Kesho yake upya,
polepole, kama anayeandika jina lake kinyumenyume.
Kila pigo naliuliza: kwake yeye, huku ni wapi?
Mpini nikauchonga kwa mpera,
nikiupima kwa mwiko wake wa zamani,
pale vidole vyake vilipoula mti mwaka baada ya mwaka.
Nikakijaribu nyuma ya karakana kwa kushoto kwangu.
Ndizi ilipona. Kidole gumba hakikupona.

Sikukifunga karatasi.
Nilikilaza kwenye beseni juu ya ndizi, nikaenda kunawa.

Hakusema kitu. Nilisikia tu maganda
yakianguka, marefu, bila kukatika,
mlio ambao nyumba hii haikuwahi kuwa nao.
Maji hayajachemka, mkungu umekwisha.
Akaja mlangoni, akanishika kidole chenye kitambaa.
"Na hiki?"
"Chuma," nikasema.
"Chuma," akasema, akakishikilia.

Jumapili mama yake akaja.
Mila haituruhusu kuonana, mimi na yeye,
hivyo nilijikalia chumbani na redio iliyozimwa.
Nikamsikia akiketi mkekani ili amsaidie binti yake,
akitwaa kisu. Kikateleza.
Akageuza. Kikachimba.
"Nabisubi, kisu hiki kimekosewa."

"Nipe, mama."

Kisha yale maganda, moja, jingine,
marefu kama barabara ya Mbarara,
na mkekani hakuna aliyesema neno.
Nilingoja. Nilihesabu ndizi saba, nane.
Ndipo yule mama akauliza, kwa sauti ndogo
ambayo haikukusudiwa ukuta:
"Uliuma? Ule ukanda."