Tanbihi ya Kumi na Saba

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, chumba cha uani.
Nimezilaza karatasi za Bod, ndivyo wenyewe waiitavyo Tibeti,
kwenye meza ya kukatia nguo: nakala tu, picha za picha,
nyembamba, ndefu kama mkono wa kanzu.
Asili zake hazina uti. Hubanwa baina ya mbao mbili,
zikaviringwa kitambaa kama kitoto cha siku saba.

Majirani wamekwisha kunizoea.
Zamani waliuliza, "Mwalimu Shebughe,
kwani huko una mjomba? Una shamba? Una deni?"
Sina. Nina irabu nne tu:
tatu hukaa juu ya herufi kama ndege juu ya waya,
moja imechuchumaa chini,
nami niliyeanza na fataha na kasra kwa Maalim Mwinyikai
sikuona ajabu, sauti kupanda, sauti kushuka.
Ajabu ni herufi bubu. Neno huandikwa kwa herufi sita,
likatamkwa kwa mbili. Nne zilizobaki
ni mashahidi wa nikahi: hawasemi kitu,
lakini wasipokuwepo ndoa haifungi.

Mwaka wa tatu huu niko kwenye ukurasa wa mwisho.
Mafundisho yamekwisha, dua zimekwisha,
amebaki mnakili, jina lake limeliwa na mchwa,
anaomba radhi:

    Makosa ni yangu, si ya mwalimu wangu.
    Taa ilikuwa ndogo, mwezi ulikuwa wa kumi na moja,
    vidole havikunitii, na wino

Wino ulifanya nini?
Kitenzi kinasema ulijikusanya, ulirudi ndani.
Niliandika tanbihi ya kumi na saba:
"Neno halieleweki. Pengine mnakili alikosea."
Nikaona haya kidogo. Nikaendelea.

Mama huuza barafu. Ukwaju, ubuyu, rozela.
Friza yake iko mlangoni pangu, inanguruma
ninapotafuta mzizi wa kitenzi.
Jana, mkono umezama humo hadi kiwiko, akauliza,
"Huyo mtu wako bado hajamaliza kuomba msamaha?"
Nikamsomea. Nikamweleza habari ya wino.
Hakufikiri hata kidogo.
Alitoa kifuko cha ukwaju, akakipasua kwa jino,
akakiinua kwenye taa:
"Tazama. Pembeni maji matupu, meupe.
Rangi yote imekimbilia katikati.
Kitu cha rangi kikiganda hujikusanya, hurudi ndani.
Watoto wa Usagara hunigombeza kila siku,
ati nawauzia maji."

Basi hakukosea.
Aliinamia kidau chake, usiku, mlimani,
akauona weusi ukijikunja ndani ya barafu
kama mboni ya jicho,
akaandika alichokiona,
na mimi, mtu wa joto, mtu wa feni,
nikamsahihisha.

"Babu yako naye," mama akasema, akilamba kidole,
"kila akimaliza kunakili maulidi aliandika chini:
msinicheke, mkono ulikuwa ukitetemeka.
Sisi tulidhani ni adabu tu.
Kumbe alikuwa na homa kweli."

Umeme ukakatika papo hapo.
Tukahamisha barafu kwenye ndoo, tukafunika magunia,
yeye akihesabu hasara kwa sauti,
mimi kichwani nikigeuza kitenzi kile kile,
na ukwaju ukinitiririka mpaka kwenye saa.

Leo asubuhi nimeifuta tanbihi ya kumi na saba.
Mahali pake nimeandika: "Mnakili yuko sahihi. Angalia ukwaju."
Mhariri ataniuliza chanzo.
Nitamwandikia: Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
mlango wenye friza, shilingi mia mbili,
aje mapema, kabla watoto hawajatoka shule.