Cheti cha Kwenda Kushtaki

Alifika Paramaribo miguu imevimba, matope hadi magotini,
maili kumi na nane kutoka shamba la Nieuw Geduld,
jina ambalo kwa Kiholanzi maana yake ni Subira Mpya.
(Ile ya zamani, nadhani, iliisha pamoja na watumwa.)

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.
Shiupal, mkalimani, miwani ya kuazima.
Mkataba wangu mwenyewe uliisha mwaka juzi;
sasa nalipwa kuyavusha maneno ya watu
kinywa hadi kinywa, bila kuyamwaga.

Phulbasia. Meli ya tatu. Namba mia nne na sita.
Hakumtazama konseli. Alitazama ukutani,
picha ya malkia mwenye mashavu mazito:
"Huyu ndiye waliyesema ni mama yetu huku?"

Konseli akaeleza, nami nikatafsiri:
mfalme wa Waholanzi na malkia wa Waingereza
walikaa mezani, yaani makarani wao walikaa,
wakatia saini kwamba jasho lako ni la huyu
na kichwa chako ni cha yule.
Ukiugua, kitanda ni cha huyu.
Ukilia, sikio ni la yule.
Miaka mitano, halafu meli ya kurudi, bure.

Lilikuwapo neno moja lililonishinda.
Konseli alisema: wewe ni mtu wa malkia,
uliye chini yake na ndani ya ulinzi wake.
Nikalitafuta, nikalipata: raiyat.
Phulbasia akacheka mpaka akakohoa.
Kwao raiyat ni mwenye jembe
anayelima ardhi isiyo yake
na kumwamkia hata farasi wa mwenye ardhi.
"Basi sijahama," akasema.

Kisha akatoa kiunoni uzi wa pamba,
mafundo, fundo moja kila juma.
Akasema msimamizi Terwindt ana fito mbili za kupimia,
fupi siku ya wakaguzi, ndefu siku zetu.
Senti arobaini kwenye karatasi,
kumi na nane kiganjani.

Konseli aliandika yote. Hati yake nzuri, kama shanga.
Mwisho kabisa: *Nina heshima, Mtukufu,
kuwa mtumishi wako mtiifu na mnyenyekevu.*
Nilipomsomea, akaniinamia:
"Naye ana mkataba wa miaka mingapi?"

Hilo sikulitafsiri.

Askari wa wilaya akabisha hodi.
Kutoka shambani bila cheti ni kosa.
Cheti hutolewa na meneja.
Meneja hutoa cheti kwa shughuli za shamba,
na kumshtaki meneja si shughuli ya shamba.
Konseli alisimama. Akaketi.
Akasema sheria ya nchi ni ya nchi,
mkono wake hauwezi kufika,
ila ataongeza aya moja kwenye barua.
Aliiongeza kweli. Niliuona wino ukikauka.

Barua ikavuka bahari kwenda London,
ikavuka tena kwenda Den Haag,
ikarudi baada ya miezi saba na mihuri mitatu:
jambo linaangaliwa.

Majuma matatu ya gereza hayahesabiwi.
Husogezwa mbele, yakamngoja mtu mwishoni mwa mkataba.
Hayo hakuna aliyemwambia kwa lugha yake;
ndani alikuwa ameendelea kufunga.
Ilinibidi niende mwenyewe, Jumapili,
sikutumwa, wala sikulipwa.

Nilimkuta kando ya mfereji,
uzi mapajani, kucha zimekatikakatika kwa miwa.
Nilimweleza. Hakuniuliza ni nani aliyeamua.
Alianza na fundo la mwisho,
akalitafuna kidogo kulilainisha.

"Kufunga ni rahisi," akaniambia.
"Shika hapa."

Nikashika.