Shimo la Mchanga

Dada yangu Eufemia kapiga simu mara mbili:
nimechukua koti? Nimechukua ile picha ya goti?
Ya eksirei, Seledonio, sikutanii,
watakatifu nao wanapenda kuonyeshwa.

Basi nimekuja. Nyu Meksiko, Ijumaa Kuu, vumbi jekundu.
Waliotembea usiku kucha kando ya barabara
wananitazama mimi niliyekuja kwa gari.

Mlango wa chumba cha pembeni ni mfupi;
hata askofu huinama hapa.
Ukutani magongo: ya mbao, ya alumini,
moja la mtoto, lina stika ya chura.
Na sakafuni, shimo. Dogo.
Nilidhani litakuwa kubwa kuliko sufuria.

Mama mmoja mbele yangu anachota kwa kijiko cha chai,
anampaka mwanawe shingoni, polepole,
kama anayetia mboga chumvi ya mwisho iliyobaki nyumbani.

Nyuma ya kanisa namkuta kijana Baltazar
na toroli, na koleo, na lundo la mchanga.
"Kumbe unalijaza wewe?"
"Kila asubuhi. Ulidhani linajijaza?"
Akacheka. Kisha akaona ninavyochechemea,
akapangusa koleo kwa suruali,
akanichotea palepale kwenye toroli.
"Huu haujaingia ndani bado," akasema,
"lakini kilima ni kilekile."

Goti linauma bado.
Mchanga uko mfukoni pamoja na funguo,
na kila nikifungua mlango wangu
vidole vinatoka vyekundu.
Eufemia sijamwambia kuhusu toroli.