Kopo la Kifuniko Chekundu

Kopo limefika saa nne,
jina limeandikwa kwa kalamu isiyopatana na plastiki:
Subilaga, miaka thelathini na mmoja, Kipande cha Tisa.
Mkojo una ukungu
kama barabara ya Kiwira alfajiri.

Amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili.
Huku kwetu mtu akitetemeka, wa kwanza kushtakiwa ni mbu,
hata Julai, hata baridi ikiwa imemfukuza mbu mwenyewe
hadi Kyela.

Nadondosha tone. Nazungusha hadubini.
Nanyi mpo,
vijiti vifupi, vyenye haraka,
njiti za kiberiti zilizomwagika zikaanza kuogelea.
Siwachukii.
Matumboni mwetu ninyi ni wapangaji wa siku nyingi,
na kodi mnalipa.
Kosa lenu ni kupanda.

Mna vinyweleo vyenye kulabu.
Mnashika ukuta wa kibofu, mkojo unapita, hamng'oki;
kisha mrija, mwembamba kuliko bua la ulezi,
mnaukwea kinyume cha mkondo
mpaka figoni,
na mchuma chai anashika ubavu kwa nyuma,
hawezi kuinuka na kikapu.

Nilimuuliza dirishani: Maji unakunywa?
Akatazama kandambili zake.
"Nikinywa, nitakojoa wapi, daktari?
Mizani inakuja saa saba. Mstari wa chai hauna mlango."
Mimi si daktari. Sikumsahihisha.

Usiku nikawalaza kwenye sahani,
katika joto la mwili wa mtu,
nje mvua ya Tukuyu ikilipiga bati kama inalidai.
Kila dakika ishirini mmoja huwa wawili.
Kulipokucha mlikuwa kijiji.
Usiku wa pili nikawapangia visahani vitano vya dawa:
vinne mmevikanyaga, mmeota hadi ukingoni.
Kimoja mmekikimbia, mkaacha duara tupu,
safi kama ua lililofagiwa.

Naandika jina la dawa.
Naandika jina lenu la Kilatini, herufi zimelala.
Fomu ina kisanduku cha kimelea,
cha kiongozi wa zamu haina.
Basi pembeni, kwa penseli:
Aruhusiwe kwenda haja.

Kopo lake nimelitumbukiza kwenye ndoo ya klorini.
Mezani yamebaki kumi na moja.
Saba yameandikwa Kipande cha Tisa.